Sauti Chini ya Unyayo

Kuchagua ni kazi nyepesi kwa mtu anayechagua kwa fedha yake, kwa haja yake na kwa sikio lake. Akikosea, hasara ni yake. Akipatia, furaha ni yake. Kuchagua kwa niaba ya wengine ni kazi ya namna nyingine. Fedha ni amana, haja ni ya watu wote, na sikio litakalotoa hukumu si moja. Nataka kusema juu ya kuchagua kwa namna hii ya pili. Kitu kilichotakiwa kuchaguliwa kilikuwa kidogo hata kuweza kubebwa kwa mkono mmoja: kanyagio lenye madoido mengi ya sauti, la kutumiwa na gitaa la besi.

Yamkini msomaji atastaajabu kwamba mwalimu wa Kiswahili, ambaye siku zake hupita katika viambishi, vina na mizani, atumie kurasa hizi kwa chombo cha umeme kinachokanyagwa kwa mguu. Utetezi wangu ni mfupi. Lugha ilikuwa sauti kabla ya kuwa maandishi, na mtu anayepima maneno kwa sikio hawezi kufunga sikio hilo hilo mbele ya muziki. Juu ya hayo, mimi mwenyewe ni mpiga besi. Si mpiga mashuhuri, wala sitafuti kuwa. Lakini kwa miaka kadhaa sasa nimekaa nyuma ya kikundi kidogo cha muziki hapa Chamwino, nikitoa sauti ambayo watu hawaisikii mpaka inaponyamaza.

Chamwino iko mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya njia iendayo Morogoro. Ni nchi ya ukavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, toka Desemba mpaka Aprili. Baada ya hapo vumbi hushika utawala wa kila kitu, pamoja na vyombo vya muziki. Katika miaka ya 1970 palikuwa kijiji cha ujamaa. Leo wengi wanapajua kwa sababu ya Ikulu yake, iliyozinduliwa tarehe 20 Mei 2023. Walakini muziki wa Wagogo ulikuwapo kabla ya vyote viwili. Wanawake hupiga ngoma za muheme wakizibana kati ya mapaja. Wanaume huimba nindo kwa mazeze. Na ilimba, kinanda cha ndimi za chuma, husema maneno yake polepole katikati ya sauti hizo.

Kikundi chetu kina akina mama saba wa muheme, vijana wawili wa zeze, kijana mmoja wa gitaa la kawaida, mzee mmoja wa ilimba, na mimi. Fedha yetu hutoka katika arusi, katika sikukuu, na katika shamba la karanga ambalo akina mama hulilima kwa pamoja. Wao ndio walinzi wa fedha hiyo, na ni walinzi hodari. Shilingi haitoki mkononi mwao bila ya maelezo, na maelezo hayakubaliwi bila ya maswali.

Haja ilianza hivi. Tulipokuwa tukipiga chini ya mti, bila ya umeme mwingi, kila mtu alisikika. Tulipoanza kuitwa katika viwanja vikubwa na kupigia spika za kukodi, besi ikageuka kuwa mtu mwingine. Noti moja ilivuma kama lori linalopita. Noti iliyofuata ilitoweka kabisa. Mvumo ulipokuja, ulifunika ilimba kama maji yafunikavyo jiwe. Mzee alivumilia mara ya kwanza, akavumilia mara ya pili. Mara ya tatu aliweka ilimba yake mfukoni mwa kitambaa, akanijia kwa upole.

“Mwanangu,” alisema, “mimi sikatai mgeni. Lakini mgeni akikalia kigoda changu, mimi nikae wapi?”

Nilimjibu, “Baba, nipe muda nitafute dawa.”

“Muda ninao,” alisema. “Lakini sitapiga tena mahali ambapo mimi mwenyewe sijisikii.”

Msomaji na apime uzito wa maneno hayo. Mpiga besi akiondoka, kikundi kitapata mwingine. Vijana wa Dodoma wanaojua kupiga besi katika kwaya na bendi ni wengi. Mpiga ilimba akiondoka, atakuwa ameondoka na nyimbo ambazo hazikuandikwa popote. Kwa hiyo nilipotafuta kanyagio, sikuwa natafuta pambo la gitaa langu. Nilikuwa natafuta njia ya kumrudishia mzee kigoda chake.

Gitaa la besi, kwa kawaida, lina nyuzi nne. Uzi wake mzito kabisa, ukiachwa wazi, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Uzi mzito wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82. Sikio la mwanadamu huanza kusikia karibu na mara 20. Basi besi hukaa jirani na kizingiti cha kusikia, mahali ambapo sauti hupokewa nusu kwa sikio na nusu kwa kifua. Leo Fender, fundi wa California, alilitoa gitaa lake la besi la umeme mwaka 1951, na katika muda usiokuwa mrefu besi kubwa ya kusimama, iliyobebwa kama jeneza, ikampisha mdogo wake katika bendi nyingi za dansi za dunia. Katika muziki wa dansi wa Afrika Mashariki besi ilipata cheo cha kudumu kando ya solo na rithimu. Cheo chake ni cha msingi wa nyumba. Hakuna mgeni anayeusifu msingi. Lakini msingi ukipasuka, hakuna anayelala.

Kwa kuwa sauti zake ni nzito, besi ina tabia mbili ngumu. Ya kwanza, hudanganywa na mahali. Spika ndogo haiwezi kutoa mitetemo 41, kwa hiyo sikio hupewa vivuli vya juu vya noti na kuachiwa kazi ya kukisia mwili wake; spika kubwa iliyoegemezwa ukutani huzidisha noti fulani na kuziacha nyingine. Ya pili, besi hupenda kuenea. Sauti ya juu hupita kama sindano. Sauti ya chini hutandaa kama mkeka. Mkeka ukitandazwa bila ya adabu, hakuna pa kuweka kitu kingine chumbani.

Hapa ndipo madoido ya sauti yanapoingia. Kwa neno doido nakusudia kila badiliko linalofanywa juu ya sauti kati ya mkono wa mpigaji na spika. Kuna doido la kusawazisha, linaloshusha mapigo makali ili yakaribiane na yaliyo dhaifu. Kuna la kupunguza au kuongeza sehemu za sauti: za chini, za kati, za juu. Kuna mwangwi, kuna mkwaruzo, kuna wingi, ambalo huifanya sauti moja ionekane kama sauti za watu wengi, na kuna doido linaloifungua na kuifunga sauti kama mdomo. Zamani kila doido lilikuwa na kisanduku chake, na mpigaji alipanga visanduku miguuni kama mwuza viungo sokoni. Siku hizi visanduku hivyo vyote huweza kukaa ndani ya kimoja, kwa sababu mle ndani kuna kompyuta ndogo inayogeuza sauti kuwa tarakimu, kuifanyia hesabu, na kuirudisha kuwa sauti.

Watu wengine wanadhani kwamba madoido ni mchezo wa Wazungu uliokuja kuharibu sauti ya asili. Dhana hiyo haisimami mbele ya ilimba. Ilimba ya Wagogo ina matundu katika sanduku lake, na matundu hayo huzibwa kwa utando wa buibui. Ulimi wa chuma ukiguswa, utando hutetemeka, na sauti hutoka ikiwa imevikwa mvumo mwembamba kama wa nyuki. Tena baadhi ya ndimi zake haziguswi kabisa na kidole. Zimewekwa ili ziitikie nyingine zinapopigwa, na mwitikio huo huacha nyuma ya kila noti mwangwi wa hewani. Huo ni mkwaruzo, na huo ni mwangwi, bila ya waya wala betri. Mtu aliyebuni utando ule alijua ya kuwa sauti safi mno wakati mwingine ni sauti yenye njaa.

Ulimwengu wa umeme ulilifikia jambo hilo kwa ajali. Katika kurekodi wimbo wa Marty Robbins uitwao “Don't Worry” huko Nashville, uliotolewa mwaka 1961, Grady Martin alikuwa akipiga besi ya nyuzi sita, na sehemu moja ya mashine ya kuchanganyia sauti ilikuwa imeharibika. Besi ikatoka imekwaruza kama koo lenye mafua. Wangeweza kuifuta; waliiacha. Watu wakaipenda, na fundi Glenn Snoddy akashiriki kutengeneza chombo cha kutoa ubovu ule kwa makusudi. Mwaka 1962 chombo hicho kikauzwa kwa jina la Maestro Fuzz-Tone, na kikawa miongoni mwa makanyagio ya kwanza ya mkwaruzo duniani. Basi walichokipata kwa mashine iliyoharibika, wazee wa Ugogo walikuwa nacho tayari kwa msaada wa buibui.

Hata kukutana kwa ilimba na umeme si jambo jipya. Hukwe Zawose, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1938 na kufariki mwishoni mwa mwaka 2003, aliichukua ilimba toka nchi hii kavu mpaka Bagamoyo alikofundisha, na toka huko mpaka majukwaa ya ng'ambo. Santuri yake “Chibite”, ya mwaka 1996, ilikuwa ya vyombo vya kwao. Mwaka 2002 ilitoka nyingine, “Assembly”, aliyoifanya pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, ambamo sauti yake imezungukwa na magitaa na mitambo. Wako wanaoipenda ya kwanza zaidi, na wako wanaoipenda ya pili zaidi. Mimi nilizisikiliza zote mbili wakati wa uchaguzi huu, na nilitoka na somo moja: katika hiyo ya pili, mahali panapopendeza ni pale ambapo umeme unakaa chini ya sauti ya mzee au pembeni mwake, si juu yake.

Sasa nije kwenye vyombo vyenyewe. Baada ya kuuliza na kuazima kwa wapigaji wa Dodoma, matatu yalibaki mbele yangu. La kwanza lilikuwa Boss GT-1B, lililotoka mwaka 2017. La pili lilikuwa Zoom B1 Four, lililotoka mwaka 2019. La tatu lilikuwa Zoom MS-60B, kongwe kuliko hayo, kisanduku chenye kitufe kimoja tu cha mguu. Yote matatu yalibuniwa na makampuni ya Japani, na yote ni madogo ukilinganisha na mbao ndefu za makanyagio wanazobeba wapigaji wa bendi kubwa.

GT-1B ni pana kama daftari kubwa lililofunguliwa, na pamoja na betri zake uzito wake ni kilo moja na zaidi kidogo. Lina vitufe vitatu vya mguu, na ubavuni lina bao la kukanyaga linalopanda na kushuka, ambalo mpigaji huweza kulitumia kuongeza sauti au kugeuza doido taratibu. Madoido yake hufika 90. B1 Four ni dogo kuliko hilo sana. Bila ya betri lina uzito wa theluthi moja hivi ya kilo. Lina vitufe viwili vya mguu, na huweza kuunganisha madoido matano kwa wakati mmoja. MS-60B huunganisha manne, na hukaa katika mfuko wa koti. Yote matatu yana kipimo cha kulinganishia nyuzi. Mawili ya kwanza yana pia uwezo wa kurekodi kipande cha muziki cha nusu dakika hivi na kukikariri bila ya kuchoka, jambo linalomfaa sana mtu anayejifunza peke yake usiku.

Mtu akisoma orodha hizi, moyo wake huenda kwenye idadi. Tisini ni zaidi ya sitini, nane ni zaidi ya tano, tano ni zaidi ya nne. Lakini mwalimu wa sarufi hawezi kudanganywa na idadi kwa urahisi. Kiswahili kina viambishi vichache vya kunyambulia vitenzi, na kwa vichache hivyo watu hufanya maajabu. Utajiri wake umo katika mpangilio. Chukua kitenzi piga. Kipe kiambishi cha kutendana kwanza na cha kusababisha baadaye, utapata piganisha: kuwafanya watu wapigane. Geuza mpangilio, utapata pigishana: kila mmoja kumfanya mwenziwe apige. Viambishi ni vile vile, vita vimebadilika.

Makanyagio nayo hufuata sheria hiyo. Weka doido la kusawazisha kabla ya mkwaruzo, na kila pigo litakwaruza kwa kipimo kilicho karibu na kimoja. Liweke baada ya mkwaruzo, na mkono mwepesi utatoa sauti safi, mkono mzito utakwaruza, kisha yote mawili yatasawazishwa. Madoido ni mawili, matokeo ni tofauti. Kwa sababu hiyo sikuuliza kanyagio lipi lina mengi. Niliuliza lipi litaniruhusu kupanga machache ninayoyataka, kuona mpangilio huo kwa macho chini ya jua kali, na kuubadili bila ya kusoma kitabu katikati ya wimbo. Katika B1 Four na MS-60B kila doido huchorwa kama kisanduku katika kioo kidogo, na mtu huyasogeza kama kete za bao. GT-1B lina nguvu zaidi ndani yake, lakini nguvu hiyo hukaa vyumba vya ndani, na mtu hana budi kupita milango kadhaa kuifikia.

Swali la pili lilikuwa la umeme. Sisi hupiga zaidi viwanjani, na umeme wa viwanjani ni mgeni asiyeaga. Jenereta huzimika, waya hukanyagwa, mwenye spika huondoa plagi yetu ili achaji simu yake. Makanyagio haya hutaka volti 9, na tena kwa adapta ambayo upande hasi uko kwenye ncha ya katikati, kinyume cha adapta nyingi za vyombo vya nyumbani. Mtu akichomeka adapta yoyote iliyo karibu, huenda akaua chombo cha karanga za mwaka mzima kwa sekunde moja. Betri basi si anasa kwetu, ni bima. GT-1B na B1 Four hutumia betri nne ndogo kila moja, na MS-60B hutumia mbili. Lakini kwa betri za alkali GT-1B huishi saa 7 hivi, na B1 Four huishi saa 18 hivi. Arusi ya Kigogo haijali saa 7.

Swali la tatu lilikuwa la ulinganifu wa sauti, na hili ndilo lililonishughulisha zaidi. Makanyagio yote yametengenezwa kwa watu ambao ngazi yao ya sauti ni ile ya kinanda cha kizungu, yenye hatua 12 zilizo sawa. Kipimo cha kulinganishia nyuzi huweza kusogezwa, lakini kidogo tu, aghalabu kati ya 435 na 445 kwa noti ambayo dunia imekubaliana iwe 440. Ilimba ya mzee haikuhudhuria makubaliano hayo. Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria aliyechunguza muziki wa Afrika kwa miaka mingi, ameeleza kwamba ngazi ya Wagogo imetokana na sauti za asili zinazojificha ndani ya kila mlio, zinazopangwa kwa hesabu ya moja, mbili, tatu na kuendelea. Sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini ya jirani yake wa kwenye kinanda kwa theluthi moja hivi ya hatua ndogo kabisa. Kwa sikio lililozoea, hiyo ni tofauti kubwa kama ya tata na dada.

Kutokana na hayo nilijua madoido gani hayatatufaa kamwe. Liko doido linaloongeza juu ya noti yako noti ya pili ili zipatane. Kupatana kwake ni kwa kinanda, na mbele ya ilimba huwa ugomvi. Liko pia lile la kuongeza noti ile ile katika daraja ya chini, yenye nusu ya mitetemo. Hilo halina ugomvi na mtu, kwa kuwa nusu ni nusu Nashville na nusu ni nusu Chamwino. Ama kipimo cha kulinganishia nyuzi, nilikiheshimu na kukiacha. Besi yangu hulinganishwa na ilimba, kwa sikio, mzee akipiga na mimi nikifuata. Na penye noti ambazo vyuma vya shingo ya gitaa haviwezi kuzifikia, mimi hunyamaza na kumwachia mwenyewe. Chombo chochote kati ya vile vitatu kingekubali utaratibu huu, ila kadiri kilivyokuwa na madoido mengi ya kupatanisha, ndivyo nilivyokuwa nikilipia vitu vya kufungia kabatini.

Swali la nne lilikuwa la usafi. Besi ikikwaruzwa yote, mara nyingi msingi wake hupungua. Kelele huongezeka juu na mwili hupotea chini. Chombo kizuri huruhusu sauti safi ipite pamoja na iliyogeuzwa, kwa uwiano anaoutaka mpigaji. Makanyagio haya yana njia za kufanya hivyo katika madoido yake ya mkwaruzo. Lakini haja yetu kubwa haikuwa mkwaruzo. Ilikuwa kusawazisha na kupunguza. Kusawazisha kwa uwiano wa nne kwa moja maana yake ni kwamba pigo lililovuka mpaka kwa desibeli 12 huruhusiwa kutoka na 3 tu juu ya mpaka. Na kupunguza maana yake ni kukata zile sauti za chini kabisa ambazo spika za kukodi huzigeuza kuwa mngurumo, kisha kuchimba shimo dogo mahali ambapo sauti nzito za ilimba hukaa, ili ilimba iingie humo. Kazi hii, msomaji, ni madoido mawili. Kwa hiyo katika 90 tulihitaji mawili, na siku ya furaha matatu.

Nilipeleka maelezo kwa akina mama. Walikaa kivulini, daftari la fedha likiwa mapajani mwa mtunzaji. GT-1B, kwa bei tulizopewa, lilikuwa zaidi ya mara mbili ya B1 Four. Mama mmoja, mpiga muheme hodari, aliuliza swali ambalo sijalisikia katika mkutano wowote wa wasomi.

“Mwalimu,” alisema, “hiyo ngoma yako ya umeme haina ngozi. Zetu zina ngozi, na mbili zimepasuka. Tukikununulia hicho, tutapiga nini?”

Nilimwambia, “Mama, swali lako ni la haki. Tukichukua kile kikubwa, ngozi zitasubiri mavuno. Tukichukua kidogo, fedha itakayobaki itanunua ngozi zote mbili na betri za akiba.”

“Na kile kikubwa kina nini ambacho kidogo hakina?”

“Kina bao la kukanyaga, na madoido mengi zaidi.”

“Utayatumia?”

“Sitayatumia, mama.”

Daftari likafungwa. Sina haja ya kuficha kwamba bao lile la kukanyaga lilinivutia. Mguu unaopandisha sauti taratibu ni kama mkono wa msomaji wa mashairi unaoinuka kabla ya kibwagizo. Mtu anayepiga peke yake, au katika bendi inayobadili rangi kila wimbo, na ambaye nyumbani kwake umeme haukatiki, angefanya vema kuchagua GT-1B. Na mtu aliyekwisha kuwa na makanyagio mengine, anayetaka kisanduku kimoja cha kujaza pengo, angefaidika na MS-60B. Ubora wa chombo hauko ndani ya chombo peke yake. Nusu yake iko mahali kitakapotumiwa. Sisi tulikuwa na vumbi, arusi ndefu, ngozi mbili zilizopasuka na mzee mmoja wa ilimba. Tukachukua B1 Four.

Tangu siku hiyo tumelipiga mara nyingi. Nalifunika kwa kipande cha khanga vumbi linapozidi. Mvumo umeondoka katika noti zile zilizokuwa zikitusumbua, na noti zilizokuwa zikipotea zimerudi. Sithubutu kusema kwamba kila kitu kimekuwa sawa. Spika za kukodi bado ni bahati nasibu, na mwenye spika bado anaamini kwamba besi isiyotikisa bati haijapigwa. Mara mbili nimelazimika kumwomba ashushe, na mara moja alikataa. Kanyagio huweza kurekebisha gitaa. Haliwezi kurekebisha watu.

Mzee wa ilimba aliketi karibu yangu siku ya majaribio, akasikiliza kila doido kwa zamu. Mwangwi aliukataa, kwa kuwa ilimba yake ina wake. Wingi aliukataa, kwa kuwa akina mama ni wengi tayari. Doido la mdomo lilimchekesha mpaka akafuta machozi. Nilipofika kwenye mkwaruzo mwembamba, uliochanganywa na sauti safi, aliinua kidole nikome hapo. Aligeuza ilimba yake, akanionyesha utando wa buibui juu ya tundu, akausugua hewani kwa ncha ya kidole bila ya kuugusa.

“Huu naujua,” alisema. “Ila wako una sauti kubwa mno. Buibui hapigi kelele.”

Nikaupunguza mpaka akaridhika, na kipimo hicho nikakihifadhi ndani ya chombo katika nafasi ya kwanza. Nafasi ya pili ina sauti safi, iliyosawazishwa na kupunguzwa, ambayo ndiyo tunayoitumia zaidi. Nafasi zilizobaki zina vitu vilivyotoka navyo kiwandani, na sijapata sababu ya kuzigusa. Vijana huniuliza kwa nini nina chombo cha sauti nyingi nami natumia mbili. Huwajibu kwamba kamusi nayo ina maneno mengi, na mtu mwenye adabu hayasemi yote katika chumba chenye wazee.

Kwa wale wasomaji ambao huenda wakakabidhiwa fedha ya wenzao kwa ununuzi wa namna hii, iwe ni kanyagio la kwaya, ngoma ya shule au mashine ya kuchapia, nina nasaha moja tu. Kabla ya kuuliza chombo kina nini, uliza ni nani atakayesikika kidogo zaidi kikiwashwa. Umwite mtu huyo aje kusikiliza, na umkalishe karibu na kitufe.